Uyoga uache utoe maji yake kwanza

Binti yangu aliacha nyama siku ya Idd el Hajj, Tanga, kwa bibi yake mzaa baba. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mwembe nyuma ya nyumba tangu siku mbili nyuma, watoto wakamzoea, wanampelekea majani na maganda ya ndizi, na huyu wangu ndio alikuwa wa kwanza kuamka kwenda kumwangalia. Asubuhi watu wamerudi kuswali, mbuzi akachinjwa, mtoto akaona. Hakupiga kelele wala hakulia mbele za watu. Mchana sinia la pilau likaletwa, akala wali wa upande wake, nyama akazisogeza taratibu kwa binamu zake, jioni hivyo hivyo, kesho yake hivyo hivyo, tukarudi Dar mimi nikijua ni mambo ya wiki mbili yataisha. Alikuwa na miaka 11. Sasa ana 13 na hajagusa tena.

Sikumlazimisha na sijutii. Kuna watu walinishauri nimchanganyie kwenye mchuzi bila yeye kujua, nikakataa kabisa, mtoto akishajua kwamba mama yake anamdanganya kwenye sahani kuna kitu kikubwa kuliko nyama kinapotea hapo. Na ukweli siku za kawaida hakuna shida yoyote, maharage, kunde, dengu, choroko, kisamvu cha nazi, nusu ya chakula cha nyumbani kwetu hakikuwahi kuwa na nyama hata kabla yake. Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili ndio tunapika vitu vya maana, kuku wa kupaka, biriani, mishkaki uani, na yeye anakaa na wali mtupu na kachumbari anasema "mama mimi niko sawa", na mzazi yeyote anajua hiyo "niko sawa" ina uzito gani. Nikataka kitu cha Jumapili ambacho ni chake lakini wote tunakula, sio sahani ya mgonjwa inayopikwa pembeni.

Hapa mtaani kwetu Goba kuna mama mmoja analima uyoga kwenye chumba cha uani, ule mweupe wenye umbo la sikio ambao watu wanauita mamama. Nilikuwa napita kwake kila siku sijawahi kununua. Nilipoingia mara ya kwanza nilikaa saa nzima, maana nilikuwa sijui kabisa kazi yake ilivyo. Anachukua mabua makavu ya mpunga anayakatakata, anayachemsha kwenye pipa ili kuua vimelea vingine vyote, yakishapoa na kuchuja maji anayashindilia kwenye mifuko ya nailoni, tabaka la mabua, tabaka la mbegu, tabaka la mabua. Na hiyo mbegu sio mbegu kama ya mahindi, ni punje za mtama ambazo zimeshaoteshwa utando wa uyoga, zimegandana zimekuwa nyeupe. Mifuko inakaa gizani kama wiki tatu hivi mpaka yote inageuka nyeupe utadhani imemwagiwa unga wa ngano, baada ya hapo anaitoboa, anaingiza hewa na mwanga kidogo, ananyunyizia maji sakafu na kuta mara kadhaa kwa siku kwa sababu ule uyoga ukikosa unyevu haukui, na siku moja unakuta vichwa kama vya pini vimechomoza, siku chache mbele ni saizi ya kiganja. Mabua ambayo watu wengine wanachoma moto shambani! Nilinunua nusu kilo nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu.

Kwa chakula chenyewe niliwaza tambi. Watoto wote wanapenda tambi, zinaiva haraka, na kwenye simu nilikuwa nimeshaona video nyingi za tambi na uyoga wa krimu zinavyopendeza. Nikafuata moja neno kwa neno. Uyoga wote nusu kilo kwenye kikaango kwa mpigo, mafuta, siagi, chumvi, kitunguu saumu, moto wa kati, koroga. Ndani ya dakika tatu kikaango kizima kimejaa maji ya kijivu. Nikaendelea kukoroga nikijua yatakauka, kitunguu saumu kikawa kinachemka badala ya kukaangika, nikamwaga krimu juu ya yale maji, ikawa mchuzi mwepesi wa rangi ya majivu, na uyoga ndani yake unateleza kama kitu ambacho hakijapikwa. Tambi nazo zilikuwa zinasubiri kwenye chujio, zikavimba zikashikana. Binti yangu alikula yote. Alimaliza, akasema asante mama, akapeleka sahani jikoni, akaiosha. Nilijua kabisa kwamba ameimaliza kwa ajili yangu.

Usiku ule sikulala vizuri, na najua ni tambi tu, lakini kilichoniuma ni kwamba mimi nimekulia kwenye uyoga.

Mimi kwetu ni Mufindi. Mtu ambaye hajawahi kupita barabara ya Iringa kwenda Mafinga wakati wa masika hawezi kuelewa ninachosema, watoto wamesimama pembeni ya lami wamenyanyua ndoo na visado vya uyoga, gari likipunguza mwendo wote wanakimbilia dirishani. Kule mvua zikishashika kuanzia Desemba bibi yangu alikuwa anaamka kabla hakujapambazuka, anachukua kikapu na kisu kidogo kisichokata vizuri, tunaenda naye kwenye misitu ya miombo. Uyoga wa kwetu mwingi unaota chini ya ile miti na sio kwa bahati, ule utando wake umeshikana na mizizi ya miti yenyewe, mti unaupa uyoga sukari na uyoga unaupa mti maji na madini kutoka kwenye udongo, ndio maana ukikata miombo na uyoga unaondoka nao, hata mvua inyeshe vipi. Bibi hakuwa anajua habari za sukari na madini ila alikuwa anajua kila mti na uyoga wake, anakwambia nenda pale chini ya ule, angalia upande wa juani, kuna wa rangi ya yai, na kweli upo. Mwingine wa vichuguuni, ule nao una maajabu yake, mchwa ndio wanaulima, kwa kweli wanaulima, wanabeba majani makavu na vipande vya miti ndani ya kichuguu wanaotesha ukungu wao wanakula, na mvua ikija ule ukungu unachomoza nje kama uyoga. Kuna aina yake moja inapatikana Zambia na Katanga, kule Kongo, ambayo kofia yake inaweza kufika karibu mita moja upana. Mita moja! Mwavuli wa kumkinga mtoto mvua.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu kila nikiongelea uyoga wa porini kuna mtu anapata hamu ya kwenda kuokota. Tafadhali usiende kama hujafundishwa na mtu anayeujua huo msitu. Bibi alikuwa anachukua aina zile tu ambazo mama yake alimwonyesha kwa mkono, akiona mwingine mzuri kiasi gani asioujua anaupita, hata hauzungumzii. Na zile imani kwamba ukipika na kitunguu kikabadilika rangi ndio una sumu, au kwamba konokono akila na wewe unaweza kula, ni za uongo na zinaua watu, konokono anakula uyoga wenye sumu na anaendelea na safari yake. Kuna sumu ambayo haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa kukausha, na mbaya zaidi inakaa kimya saa sita, kumi na mbili, hata zaidi ndio mtu anaanza kutapika na kuharisha, halafu anapata nafuu anadhani imepita kumbe ndio ini linaharibika. Ukihisi umekula usioujua usisubiri dalili, nenda hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe mkononi. Wa kulimwa hauna mashaka hayo, nunua huo.

Turudi kwa bibi. Alikuwa anaupikaje? Nilikaa kitandani najaribu kukumbuka, na kilichonijia kwanza ilikuwa sauti. Bibi alikuwa anainjika chungu kikavu, hakina maji, hakina mafuta, kikishapata moto anamwaga uyoga anafunika. Baada ya muda mfupi unasikia unachemka ndani, wakati hakuweka hata tone la maji. Anafunua, anaacha uchemke na maji yake, hana haraka, anaendelea kupepeta mchele au kuchambua mboga, na sisi watoto tukitaka kukoroga anatuzuia. Kuna wakati sauti inabadilika. Ile ya kuchemka inapungua, inapungua, inakuja nyingine kavu, chwaa, chwaa, kama mvua inayoanza kwenye bati. Hapo ndio anageuka, anatia chumvi, anatia karanga zilizotwangwa na kitunguu. Na maneno yake yalikuwa yale yale kila siku, "Uyoga uache utoe maji yake kwanza mwanangu, ukishayatoa utapokea chochote utakachoupa."

Nilikuwa nayo hiyo sentensi kichwani miaka yote, na siku ya kuitumia nikaenda kuuliza simu.

Nimekuja kusoma baadae kwa nini bibi alikuwa sahihi. Uyoga karibu asilimia 90 ni maji tu. Ukiutupa kwenye mafuta wakati bado una maji yote hayo, mafuta yananyonywa kama sponji kwa sababu ndani yake umejaa matundu ya hewa, na hapo hapo maji yanatoka, kwa hiyo unapata kitu kilichoshiba mafuta na kinachochemka kwa wakati mmoja. Na maji yakiwepo kikaangoni joto halipandi kupita nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa inahitaji kama 140 na kuendelea. Ndio maana hata ukikoroga nusu saa hauwi wa kahawia mpaka maji yaishe. Lakini ukiuanza bila mafuta, maji yanatoka, yale matundu yanabonyea, uyoga unasinyaa, na ukija kutia mafuta kijiko kimoja au viwili vinatosha kabisa. Na usiogope kwamba utaiva sana ukaharibika. Mchicha ukiuzidishia moto unakuwa rojo, nyama ukiizidishia inakuwa raba, uyoga unavumilia, kwa sababu kuta zake zimejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kilichopo kwenye ganda la kamba na la mende, moto wa jikoni hauiyeyushi. Binti yangu alipenda sana hii habari, akaniuliza kwa hiyo uyoga ni mmea au ni mnyama, nikamwambia sio mmea na sio mnyama, una kundi lake peke yake, ila kwa ukoo uko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Akafikiria kidogo akasema "lakini haukimbii." Nikamwambia haukimbii. Akaridhika.

Sasa tambi. Huku kwenye tambi nako kulikuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza na nilikuwa nimempita. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na kwa watu wa pwani tambi ni kitu cha futari, tambi za sukari, zina iliki, zabibu, wengine tui la nazi. Mume wangu mara ya kwanza nilipomwambia nataka kuweka uyoga kwenye tambi aliniangalia kama nimemwambia naweka dagaa kwenye keki. Lakini mkono wa mama kwenye tambi mimi nimeuona kwa macho yangu, tambi zake zinachambuka moja moja, hazishikani, zina harufu kama ya karanga, na hazijawahi kuwa bokoboko hata siku moja. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko, mjukuu wangu kala leo?" Huwa anauliza hivyo hivyo, tangu ile Iddi anahofia mtoto anashinda njaa.

Nikamweleza shida yangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe unazichemsha kwanza halafu unatafuta la kuzifanya. Zikaange zikiwa kavu. Zikishapata rangi ndio uzitilie maji ya moto, ya kufunika tu, zinywe zenyewe. Tambi haimwagiwi maji mengi kama inaogeshwa." Nikamuuliza na sukari je, akacheka sana, akasema kwenye uyoga nisitie.

Jamani hilo neno la kuzikaanga zikiwa kavu limebadilisha kila kitu. Tambi ukizivunja ukazikaanga kwenye mafuta kidogo mpaka zinakuwa rangi ya dhahabu, ule wanga wa juu unakauka na kukakamaa, hazishikani tena kirahisi, na ladha inaongezeka. Halafu kwa sababu maji ni kidogo na hayamwagwi, wanga wote unaotoka unabaki ndani ya sufuria na ndio unakuwa mchuzi mzito unaong'aa, bila krimu yoyote. Wanaopika kwa kuchemsha wanaambiwa wabakize kikombe cha maji ya tambi kwa ajili ya mchuzi, ni kitu kile kile, ila kwa njia ya mama hakuna cha kubakiza, yote yako pale. Kitu kimoja cha kuangalia ni paketi, tafuta iliyoandikwa durum, ile ngano ngumu yenye rangi ya njano njano, zile za ngano ya kawaida zinalainika haraka sana hata uwe na mkono gani.

Kuhusu chizi nilipata somo kutoka kwa mtoto mwenyewe. Nilikuwa nimenunua kipande cha chizi ya Kiitaliano ile ngumu ya kukuna, nimejibana kweli kweli, nikijua ndio itakuwa kilele cha mambo. Akaisoma. Siku hizi anasoma kila kitu kilichoandikwa kwenye paketi. Akatafuta akaja kuniambia mama parmesan halisi inagandishwa kwa kimeng'enyo kinachotoka kwenye tumbo la ndama, siwezi kula. Nilienda kuhakikisha na ni kweli kabisa. Sikumwambia kwamba ni kidogo sana haionekani, kwake sio suala la wingi. Chizi nyingine zipo zinazogandishwa kwa vitu visivyotoka kwa mnyama na ukipata sio mbaya, lakini mimi nilichofanya niliangalia kabati nikaona karanga. Bibi alikuwa anatia karanga! Nikazikaanga kavu, nikazimenya, nikazitwanga kwenye kinu ziache kuwa nzima lakini zisiwe unga, na tangu siku hiyo sijatafuta chizi.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyopika sasa, kwa watu wanne. Uyoga mamama nusu kilo, naukata ile sehemu ngumu ya chini ambayo ulikuwa umeshika mfuko, nasuuza haraka kwenye maji yanayotiririka na kuukung'uta, kisha nauchana kwa mikono kufuata nyuzi zake, sio kwa kisu, ukichanwa unakuwa na kingo zisizo sawa ambazo zinashika rangi vizuri. Usiuchane mdogo sana kwa sababu utasinyaa zaidi ya nusu. Kikaango kipana kikavu kwenye moto mkubwa, namwaga wote, nafunika dakika mbili tatu, nafunua, na hapo nauacha. Kuuacha ndio kazi ngumu kuliko zote. Mkono unataka kukoroga, uache. Nakata kitunguu maji kimoja kikubwa, nakata vitunguu saumu punje sita nyembamba, nakata kotimiri, masikio yapo jikoni. Sauti ikibadilika, maji yameisha, ndio natia vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, chumvi, na sasa nageuza mara moja moja mpaka kingo ziwe za kahawia na nyingine ziwe zinakaribia kukauka kabisa. Kitunguu saumu kinaingia mwishoni, nusu dakika, kikitangulia kinaungua kinakuwa kichungu. Pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo, nyingi. Naepua uyoga naweka pembeni kwenye bakuli.

Sufuria nyingine, mafuta kidogo, tambi robo kilo nimezivunja urefu wa kidole, moto wa wastani, na hapa sasa unakoroga bila kuacha kwa sababu tambi zinatoka kwenye dhahabu kwenda kwenye nyeusi wakati umegeuka kuchukua simu. Zikishapata rangi natia kitunguu maji, kikilainika namwaga maji ya moto, vikombe viwili na nusu, yawe ya moto kweli yanachemka, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima ambayo haijapasuka iwe inaelea tu kutoa harufu. Nafunika, napunguza moto. Mama mkwe angepalia makaa juu ya mfuniko, mimi natumia gesi kwa hiyo nafunika na kitambaa kizito. Kama dakika kumi. Onja moja, katikati iwe bado na kiini kidogo, isiwe ngumu ila ikukumbushe kwamba ipo. Natoa pilipili, narudisha uyoga na juisi yoyote iliyobaki kwenye bakuli, nachanganya kwa uma wa kuchambulia, nazima moto, nafunika tena dakika tano zitulie. Mezani ndio karanga zinamwagwa juu, kotimiri, na ndimu kila mtu anakamulia sahani yake. Ndimu usiiache, kile kitu chote ni kizito na cha ardhini, ndimu ndio inakiinua.

Jumapili ya kwanza niliyopika hivi binti yangu hakusema asante mama. Alisema "iko nyingine?" Na mdogo wake, ambaye anakula nyama na anaipenda, akaanza kumlalamikia kwamba amechukua uyoga mwingi. Wakagombana kabisa mezani kwa sababu ya uyoga, na mimi nilikaa pale nikasikiliza ule ugomvi kama mtu anayesikiliza kitu kizuri redioni. Baba yao alikuwa amekula kimya, alivyomaliza akasema hii ya leo ina ule mkono wa mama. Hakuwa anajua kwamba nilimpigia.

Kuna kitu kimoja nakisikia sana na sikipendi, watu wakikupa moyo wanakwambia uyoga ni mzuri, una ladha kama kuku, mtoto hatajua tofauti. Mimi naona ni kuukosea heshima uyoga na kumkosea heshima mtoto pia. Bibi yangu kuku alikuwa nao, wanazunguka uani pale pale, na bado alikuwa anaamka gizani na baridi ile ya Mufindi kwenda kutafuta uyoga, kwa sababu alikuwa anataka uyoga. Siku ya uyoga ilikuwa siku ya uyoga, majirani wanakuja, haikuwa siku ya kukosa nyama. Ukiupika huku kichwani unatafuta nyama utauwekea viungo vya nyama, utaukata kama nyama, na mwisho utaona umepungukiwa. Ladha yake ni yake. Ina ule utamu usio wa sukari wala wa chumvi ambao unakaa nyuma ya ulimi, Wajapani ndio wameupa jina la umami, mwanasayansi wao Kikunae Ikeda aliutambua mwaka 1908 kutoka kwenye supu ya mwani, na mwaka 1957 mwingine, Akira Kuninaka, akaonyesha kwamba kuna kitu kwenye uyoga, guanilati, ambacho kikikutana na kile alichokipata Ikeda kwenye mwani ladha haijumlishwi tu, inazidishwa. Na uyoga uliokaushwa unacho kwa wingi kuliko mbichi.

Hiyo ya kukaushwa imenigusa kwa sababu nyingine. Bibi alikuwa anaanika uyoga kwenye ungo, juu ya paa la banda la kuku, jua la saa tano mpaka saa tisa, jioni anauingiza ndani, siku tatu nne mpaka unavunjika ukiukunja. Mifuko ya uyoga mkavu ilikuwa inaning'inia juu ya mafiga, tunaula mpaka Agosti, Septemba, miezi ambayo huko porini hakuna hata mmoja. Jua lenyewe linafanya kazi pale, uyoga ukipigwa na jua unatengeneza vitamini D, kitu ambacho mboga nyingine haziwezi. Na maji aliyokuwa anaulowekea hakuwahi kuyamwaga, anayaacha mchanga utulie chini, anayamimina taratibu, anapikia.

Dada yangu bado yuko Mafinga. Wiki iliyopita nilimtumia voisi noti ndefu nikamweleza habari zote hizi za tambi, akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa sentensi moja kwamba mama mdogo ana mfuko wa mwaka huu, ule wa rangi ya yai, ameukausha mwenyewe, atautuma na basi. Umefika jana usiku stendi ya Magufuli, nimeenda kuuchukua na binti yangu. Kwenye daladala alikuwa ameupakata, anaufungua kidogo ananusa, anaufunga, anaufungua tena. Nikamwambia hiyo ndio harufu ya jikoni kwa bibi yangu. Hajawahi kumuona, bibi alifariki yeye hajazaliwa.

Leo ni Jumapili. Uyoga mkavu nimeuloweka tangu asubuhi kwenye bakuli, maji yamekuwa ya rangi ya chai, mchanga umetulia chini. Vikombe viwili na nusu vya maji ya tambi leo vitatoka humo. Tambi zimeshavunjwa, karanga anatwanga yeye, nasikia mchi hapo uani.